Kanga, ukili, viungo, kofia au vitu vya kuchapa: namna ya kuchagua alama ya harusi Unguja na Pemba

Familia za Unguja na Pemba zikishakubaliana juu ya mahari, siku ya nikaha na ukumbi, hubakiwa na swali linaloonekana dogo, lakini linalowakesheza kinamama kuliko hata hesabu ya sufuria za pilau: wageni wapewe nini, na kitu hicho kiwe na alama gani ya kuonyesha kwamba kimetoka katika harusi hii? Zamani mgeni aliondoka na kikuba cha asumini kifuani, moshi wa udi nguoni na kipande cha halua mkononi, wala hakuna aliyetazamia kuliona jina la bibi harusi limeandikwa mahali. Siku hizi alama inatakiwa, na wanaoitengeneza ni wengi, kuanzia wanawake wanaosuka ukili vijijini Pemba hadi vijana wenye mashine za kuchapa vikombe mjini.

Makala haya yanazilinganisha njia tano zinazochaguliwa zaidi: kanga ya sare, kazi ya ukili, viungo na manukato, kofia ya mkono, na vitu vya kuchapwa kwa mashine. Nimezipima zote kwa maswali yale yale, ingawa nakiri mapema kwamba baadhi yake zina mengi ya kusemwa na nyingine zina machache.

Vipimo vya kutumia

Kipimo cha kwanza ni muda, na hapa kalenda yetu ina mambo yake. Harusi hulimbikizana Shaabani, kabla watu hawajaingia katika mfungo, na tena mara baada ya Idd el-Fitri, katika Mfunguo Mosi. Fundi anayekuahidi kazi ya wiki mbili katikati ya miezi mitulivu huenda akaitimiza; ahadi hiyo hiyo ikitolewa siku kumi kabla ya Ramadhani haina budi kutiliwa shaka, hata kama fundi ni ndugu.

Kipimo cha pili ni idadi. Kwetu mgeni wa harusi hahesabiki kwa kadi, kwa sababu anayealikwa ni mtu pamoja na nyumba yake, na jirani aliyesahauliwa huja kwa haki ya ujirani. Kadi 200 zinaweza kuleta watu 300 au zaidi, na kwa hiyo ni lazima kuuliza kama kitu ulichokichagua kinaweza kuongezwa katika siku za mwisho, au kikipungua ndiyo basi.

Kipimo cha tatu ni alama yenyewe, yaani kitakachoandikwa, kitakapoandikwa na namna kitakavyodumu. Cha nne ni maisha ya kitu baada ya sherehe, na kwangu mimi hiki ndicho kinachotenganisha matumizi na ubadhirifu. Mwisho tutaangalia kila njia inamfaa nani.

Neno kuhusu jina, tarehe na aya

Kabla ya kuingia dukani, amueni nyumbani mtaandika nini, kwa sababu makosa mengi hayatoki kwa fundi, yanatoka katika karatasi aliyopelekewa.

Tarehe ndiyo inayoponza wengi. Ukitaka kuandika tarehe ya Kiislamu, kumbuka kwamba mwezi huandama, na kazi iliyochapwa wiki tatu kabla ya mwezi kuonekana inaweza kuwa na tarehe iliyopishana na siku yenyewe kwa siku moja. Zaidi ya hapo, siku kwa hesabu ya wazee huanza magharibi, kwa hiyo wanaposema usiku wa Ijumaa wanakusudia ule usiku ambao kalenda ya ukutani inauita Alkhamisi. Katika harusi ya mpwa wangu, shangazi mmoja alitaja kwamba nikaha ni usiku wa Ijumaa baada ya sala ya Isha, kijana aliyeandika lebo akafungua simu yake akatafuta tarehe ya Ijumaa, na sisi tukaja kugundua wakati vifuko 150 vimekwisha kufungwa kwa utepe. Tuligawa hivyo hivyo, na hadi leo kuna watu wanaoamini kwamba mpwa wangu aliolewa siku moja baada ya kuolewa. Tangu hapo napendekeza kuandika mwezi na mwaka tu, au mwaka peke yake.

Jina nalo linataka mashauriano. Wako wazee wasiopenda jina la binti yao lizunguke mitaani juu ya vikombe na mifuko, na si busara kulipuuza jambo hilo kwa sababu tu picha za harusi nyingine zimeonyesha vinginevyo. Herufi mbili za mwanzo, jina la ukoo au hata jina la kijiji hutosha kabisa. Majina kama Abdallah na Abdulrahman yamebeba jina la Mwenyezi Mungu, na hayapendezi kuwekwa juu ya kitu kitakachokaliwa, kukanyagwa au kutupwa. Hukumu hiyo ni nzito zaidi kwa Bismillahi na kwa aya ya 21 ya Sura ya Ar-Rum, ambayo hupendwa sana katika kadi za harusi: iwekeni penye kitu cha kutundikwa au kuhifadhiwa, msiiweke juu ya kifuko ambacho kesho yake kitaonekana kando ya jaa.

Kanga ya sare

Kanga haihitaji kutambulishwa, lakini ukitaka kuiagiza ni vyema kuzitaja sehemu zake kama fundi anavyozitaja. Doti moja ni vipande viwili vinavyofanana. Kila kipande kina ukubwa wa takriban sentimita 150 kwa 110, kina pindo linalozunguka pande zote nne, mji wa katikati, na jina lililoandikwa chini ya mji. Maandishi yalianza kwa herufi za Kiarabu kabla ya kuhamia herufi za Kirumi, na tangu zamani yamekuwa njia ya kusema bila kufungua mdomo. Kwa sababu hiyo kanga ndiyo zawadi pekee kati ya hizi tano ambayo tayari ina mahali pake pa kuandikwa, nayo ndiyo inayosomwa kwa makini zaidi.

Muda, idadi na gharama. Ziko njia tatu. Ya kwanza ni kuchapisha kanga mpya kiwandani, Dar es Salaam au India. Kiwanda hakiwashi mashine kwa ajili ya doti 60, kwani kila rangi ya muundo huandaliwa chombo chake cha kuchapia, na gharama hiyo hupata maana pale tu inapogawanywa juu ya maelfu ya vipande. Njia hii imezoeleka kwa vyama, mashirika na kampeni kuliko kwa harusi. Ya pili ni kwenda katika maduka ya Mchangani, mjini Unguja, kuchagua kanga iliyo tayari yenye jina linalofaa, na kununua doti zote kwa siku moja kutoka mzigo mmoja. Nasisitiza mzigo mmoja, kwa sababu ukirudi baada ya mwezi unaweza kupata muundo ule ule wenye nyekundu iliyopauka, na sare ikaonekana kama imefuliwa nusu. Ya tatu ni kununua kanga iliyo tayari kisha kudarizi herufi au mwaka kwa cherehani katika pembe moja. Hesabuni pia ukataji wa doti na upindaji wa kingo, kazi ambayo hakuna anayeikumbuka mpaka siku mbili kabla.

Alama. Nguvu ya kanga imo katika jina lake, wala si lazima liwe jina la mtu. Neno la shukrani au la dua, lililochaguliwa kwa uangalifu, hubeba harusi yenu vizuri zaidi kuliko majina mawili na alama ya moyo katikati, kwani mvaaji anaweza kulivaa popote bila kuonekana amejifunga tangazo la watu wengine. Ila lisomeni kwa macho ya upande wa pili. Jina linaloonekana zuri kwa mama wa bibi harusi linaweza kusomwa na mawifi kama kijembe, hasa likitaja wivu, subira, au mtu aliyekosa alichokitaka. Na kanga ikishavaliwa na wanawake 80 ndani ya ukumbi mmoja, hakuna wa kueleza kwamba haikukusudiwa.

Baada ya sherehe. Hapa kanga haina mpinzani wa karibu. Itavaliwa jikoni, itambeba mtoto, itafunika mgonjwa, itafungwa juu ya nguo ya kazi. Ikiwa mpya ina wanga na nyingine huchuja, kwa hiyo wageni waambiwe waifue peke yake mara ya kwanza. Msigawe kipande kimoja kimoja kwa ajili ya kubana matumizi kama mnaweza kuepuka: anayepewa kipande kimoja hubaki akimtafuta mwenzake.

Anayefaa. Kanga inafaa shughuli za kinamama, yaani siku ya hina, ya singo (ya kumsugua bibi harusi kwa manukato), na ile ya kumtoa bibi harusi, na inafaa zaidi pale wapokeaji wanapojulikana kwa majina na idadi yao haivuki uwezo wa kuwapa doti nzima. Haiwagusi wanaume waliokuja msikitini. Na isichanganywe na kisutu, ile nyekundu, nyeusi na nyeupe, ambayo ni ya bibi harusi mwenyewe na haitaki kuongezewa kitu.

Kazi ya ukili

Vikapu vidogo vya halua, vipepeo vya mkono, mikoba, misala na makawa ya kufunikia vyakula vyote hutoka katika jamii moja ya kazi: ukindu au miyaa hukatwa, hukaushwa, huchanwa, hupikwa katika rangi, husukwa kuwa ukili, na ukili hushonwa kuwa kitu. Pemba ina sifa ya kazi hii, ingawa Unguja pia, mashamba hasa, wapo wanawake wanaoifanya kwa ustadi mkubwa.

Muda, idadi na gharama. Yote hufanywa kwa mkono, na mkono hauharakishwi kwa kuongeza fedha. Fundi mmoja akisuka vikapu vidogo 200 peke yake atachelewa. Kikundi cha wanawake kumi kinaweza, lakini basi ukubali kwamba vikapu vitatofautiana kidogo kwa upana na kubana kwa msuko, na anayetaka vitu 200 vinavyofanana kama sarafu aende kwingine. Misimu miwili ina usumbufu wake. Wakati wa masika, ukindu haukauki vizuri na kazi iliyofungwa ikiwa na unyevu huota ukungu. Wakati wa karafuu, mikono ile ile inayosuka huitwa kwenda kuchuma, kuchambua na kuanika, na majamvi ya kuanikia nayo hutakiwa kwa haraka. Agizeni mapema, lipeni kwa awamu, na pokeeni kwa mafungu badala ya kungoja mzigo wote siku moja. Anayeagiza Pemba kwa harusi ya Unguja ahesabu pia safari ya meli na siku za bahari mbaya.

Alama. Hapa ndipo wengi wanapokosea. Herufi za kusukwa ndani ya ukili zinawezekana, na fundi hodari huzitoa kwa kuhesabu nyuzi za rangi, lakini kila herufi huongeza kazi na huhitaji upana. Bibi mmoja wa Wete aliyepelekewa jina lenye herufi 14 kwa ajili ya kipepeo alilitazama, akaniambia, “Mwanangu, hili jina linataka mkeka, si kipepeo.” Tulimpa herufi mbili, akazisuka katika jioni moja. Njia nyepesi zaidi ni kuwachagulia wageni rangi mbili za harusi na kuziacha ziseme, kisha kuongeza kitambaa kidogo kilichodariziwa kando ya mkono wa kikapu. Kitambaa hicho kinaweza kufumuliwa baadaye, na kikapu kikaendelea na maisha yake bila jina la mtu.

Baada ya sherehe. Kipepeo hutumika kabla hata mgeni hajaondoka, hasa katika joto la kaskazi, kati ya Disemba na Februari, watu wakiwa wamebanana chini ya turubai. Mkoba huenda sokoni miaka. Msala huheshimiwa, na kwa sababu hiyo hiyo usiandikwe jina la mtu, kwa vile unasujudiwa na kukaliwa. Kikapu kidogo mno, cha kukaa pipi tatu, ndicho pekee katika kundi hili ninachokiona hakina kazi. Watoto hukichezea hadi kikafumuka. Kuna faida nyingine ya kiutendaji: mifuko ya plastiki imepigwa marufuku Zanzibar, na kikapu cha ukili hutatua suala la kufungia chakula bila kutafuta mbadala.

Anayefaa. Inafaa familia yenye muda wa miezi mitatu au zaidi, yenye wageni kutoka mbali wanaotaka kuondoka na kitu cha visiwa hivi, na isiyokerwa na tofauti ndogo kati ya kitu na kitu. Inawafaa wanaume na wanawake sawasawa, jambo ambalo kanga haiwezi.

Viungo na manukato

Kundi hili lina sura mbili. Kuna vikavu, kama karafuu, mdalasini, iliki na udi, ambavyo hufungwa mapema. Na kuna vibichi, yaani asumini, rehani, mlangilangi na waridi, ambavyo hufungwa kuwa kikuba siku ile ile.

Muda, idadi na gharama. Kwa vikavu, hesabu ni nyepesi: kilo moja hutoa vifuko 40 vya gramu 25, kwa hiyo wageni 400 wanahitaji kilo 10 tu, na mgeni wa ghafla huongezewa kwa kufunga kifuko kingine jioni ile. Hakuna njia nyingine kati ya tano hizi inayostahimili idadi isiyojulikana kwa urahisi kiasi hiki. Karafuu na mdalasini mzima hudumu. Iliki hupoteza harufu haraka ikishafunguliwa, na viungo vilivyosagwa visifungwe zaidi ya siku chache kabla. Kikuba ni habari nyingine. Asumini hufunguka jioni, hivyo maua huchumwa alasiri yakiwa bado yamefumba, na wafungaji lazima wawepo saa chache kabla ya shughuli. Vikuba 50 ni furaha ya barazani, vikuba 400 ni mkosi.

Alama. Karatasi iliyobandikwa juu ya kifuko chenye mafuta ya karafuu huchafuka na wino hutawanyika. Afadhali jina likae juu ya kitambaa cha nje, kwa muhuri wa wino wa nguo, au juu ya kadi iliyofungwa kwa uzi. Lakini katika kundi hili alama ya kweli ni harufu yenyewe. Familia ikipika udi wake wa sukari kwa mchanganyiko wake, na mchanganyiko huo ukatumika katika chetezo (chombo cha kufukizia) cha ukumbini na katika kifuko cha mgeni, basi kila atakapojifukiza nyumbani ataikumbuka siku ile bila kusoma kitu. Wengine huongeza kichupa cha mafuta, na yanayotokana na makonyo ya karafuu, yanayotengenezwa kiwandani Wawi, Chake Chake, ni mfano wa kitu chenye asili ya kisiwani ambacho mgeni wa nje hatakikuta kwao kwa wepesi.

Baada ya sherehe. Kifuko huisha, na kuisha kwake ni sifa: hakijazi kabati. Angalieni watu wenye pumu, ambao moshi na harufu kali huwasumbua, na wageni wasio na chetezo nyumbani, ambao udi mzuri hubaki kwao ndani ya droo. Kwa wanaosafiri nje, karafuu za kifuko kidogo, zilizonunuliwa dukani zikiwa zimefungwa, ndizo za kuwapa; biashara ya karafuu Zanzibar inasimamiwa na Serikali kupitia Shirika la Biashara la Taifa Zanzibar (ZSTC), na mzigo mkubwa usio na kibali huhesabiwa kuwa ni magendo.

Anayefaa. Kila mwenye orodha ya wageni isiyotabirika, bajeti ndogo au muda mfupi. Inafaa pia nikaha ya msikitini, ambapo kifuko kidogo hupita mkononi pamoja na kahawa na halua bila kuleta msongamano.

Kofia ya mkono

Muda, idadi na gharama. Kofia iliyoshonwa kwa mkono, ile yenye viua vilivyotobolewa na kuzungushiwa uzi kimoja kimoja, huchukua wiki, na nyingine huvuka miezi. Hakuna anayeigawa kwa wageni 300. Hesabu yake ya kawaida ni watu watano au sita: bwana harusi, baba wa pande zote mbili, walii anayemwozesha binti na mashahidi wawili wa nikaha. Vipimo vya vichwa vichukuliwe kwa utepe, visikisiwe, maana kofia inayobana humvua mzee heshima mbele ya watu.

Alama. Herufi zinaweza kufichwa ndani ya mchoro wa viua, au kushonwa upande wa ndani, mahali ambapo anayejua ni mvaaji peke yake. Ya ndani ndiyo ninayoipenda, kwa sababu kofia huingia msikitini na haitaki kupiga kelele.

Baada ya sherehe. Huvaliwa Ijumaa na Idd kwa miaka, na nyingine hurithiwa.

Anayefaa. Familia inayotaka kuwaheshimu wachache kwa kitu kizito, huku wageni wengine wakipewa kitu kingine. Kofia za mashine zipo na ni za bei nafuu zaidi. Zinafaa kwa sare ya vijana wanaomsindikiza bwana harusi, ila zisipewe walii kwa maelezo kwamba ni za mkono, kwani wanaozijua hutambua tofauti kwa kugeuza upande wa ndani.

Vitu vya kuchapwa kwa mashine

Vikombe, fulana, chupa za maji, vishikio vya funguo, mabango ya mlangoni na lebo za keki huingia hapa.

Muda, idadi na gharama. Hii ndiyo njia ya haraka kuliko zote. Siku chache hutosha, na kazi 20 au 200 hupokewa vilevile, kwa kuwa mashine haihitaji maandalizi makubwa kwa kila muundo.

Alama. Picha, majina marefu, rangi kumi: vyote vinawezekana, na hakuna njia nyingine inayotoa uhuru huu. Jambo la kuuliza ni aina ya kitu kinachochapwa. Uchapaji wa wino unaohamishwa kwa joto hushika juu ya kikombe chenye utando maalumu na juu ya kitambaa cha poliesta. Juu ya pamba tupu hufifia baada ya kufuliwa mara chache. Ombeni kielelezo kimoja, kifueni nyumbani kwa sabuni na maji ya moto, ndipo muagize vingine.

Baada ya sherehe. Kikombe chenye sura za maharusi hunywewa chai na wazazi wao; wengine hukiweka nyuma ya kabati. Fulana za kamati huvaliwa mashambani. Bango huisha usiku ule, na hilo halina ubaya, mradi halikugharimu kama kitu cha kudumu.

Anayefaa. Mahafali, siku za kuzaliwa, sherehe za kazini, vijana wa kamati, na harusi iliyopangwa kwa dharura.

Kuchagua kwa hali yako

Ikiwa harusi iko zaidi ya miezi mitatu mbele na wageni wenu wanajulikana, ukili kwa wote na kofia kwa watano au sita wa mbele ni mchanganyiko unaofaa, lakini anzeni na fundi wa kofia, kwa kuwa yeye ndiye anayechelewa. Ikiwa shughuli kubwa kwenu ni ya kinamama, wekeni fedha katika kanga, na punguzeni kila kitu kingine bila kuona haya. Kabla ya kulipa, someni jina lake kwa sauti mbele ya mtu mmoja wa upande wa bwana harusi.

Ikiwa mnafanya nikaha ndogo msikitini na walima (karamu ya harusi) nyumbani, vifuko vya viungo vinatosha. Vivyo hivyo kwa familia ambayo haijui watakuja wangapi: nunueni kilo mbili zaidi ya hesabu, kateni vitambaa vya ziada, na mtu mmoja akae na sindano na uzi hadi mwisho wa shughuli.

Ikiwa nusu ya wageni wanatoka Bara, Oman au Ulaya, fikirini uzito wa mizigo yao kabla ya uzuri wa zawadi. Kipepeo hulala bapa ndani ya sanduku na kifuko cha mdalasini hakivunjiki. Kikombe kinataka kufungiwa nguo tatu.

Ikiwa mmebakiwa na siku kumi, uchapaji wa mashine pamoja na viungo ndiyo mambo yanayowezekana, na jaribu la kumbembeleza fundi wa ukili aharakishe liepukwe, kwa kuwa kazi iliyoshonwa ikiwa mbichi huwafikia wageni ikiwa na madoa.

Na ikiwa wazee na vijana wa nyumba moja wameshindwa kuafikiana kama jina la binti liandikwe au lisiandikwe, pelekeni fedha za lebo kwa wafungaji wa vikuba, mkawaambie wachume asumini alasiri ya siku yenyewe.